Watoto Tisini, Mwalimu Mmoja: Niliyojifunza Ndani ya Chama cha Walimu

Katika shule nyingi za umma hapa Nairobi, cheo cha mwakilishi wa chama hakigombewi. Hupewa mwalimu aliyechelewa mkutanoni, au yule mwenye mdomo. Mimi nilipewa kwa sababu zote mbili. Nilifika nikihema kutoka stejini, nikakuta jina langu limeshaandikwa ubaoni, wenzangu wanapiga makofi, na mwalimu mmoja mzee ananikabidhi faili la manjano lililojaa vumbi. "Shika, madam. Humu mna shida za watu wote."

Ilikuwa shule ya kanjo, yaani ya halmashauri ya jiji, kule Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Kazi yenyewe mwanzoni ilikuwa ndogo: kubandika barua za tawi ukutani, kumfuatilia mwenzetu aliyekatwa ada ya chama mara mbili, kuchangisha rambirambi. Rambirambi ndizo zilizokuwa nyingi, maana miaka ile ya tisini ukimwi ulituchukulia walimu vijana, na mimi na faili langu tukawa tunajulikana kwa daftari la michango kuliko kwa siasa.

Mtu wa nje akisikia chama cha walimu, husikia mgomo. Nimeulizwa kwenye matatu, sokoni, hata kanisani baada ya sala: "Mwalimu, mnafungua lini?" Siwalaumu. Redio hututangaza tukiwa barabarani tu. Lakini ukiniuliza mimi chama kimeifanyia nini elimu ya mtoto wa mlalahoi, sitaanza na mshahara, ingawa mshahara huo ndio ulionilea pamoja na wanangu. Nitaanza na hesabu ya watoto darasani na hesabu ya walimu wa kuwafundisha. Kisha nitakuja kwenye woga.

Kwanza historia kidogo, kwa sababu walimu wachanga wengi hawaijui. Chama chetu cha kitaifa, KNUT, kilizaliwa Desemba 1957. Wakati huo mwalimu Mwafrika aliajiriwa na misheni hii au baraza lile la wilaya, kila mwajiri na mshahara wake na masharti yake. Kilio kikubwa cha chama kilikuwa kupata mwajiri mmoja kwa walimu wote, na mwaka 1967 Bunge likaunda TSC, tume ya kuwaajiri walimu. Wazee wa tawi letu walipenda kulirudia jambo hili hadi tukachoka kulisikia. Sasa nimefikia umri wao, nami nalirudia. Mwalimu kuwa na mwajiri anayejulikana, daraja linalojulikana, na ofisi ya kupeleka malalamiko, kulidaiwa na watu wasio na simu wala gari, kwa barua na kwa miguu.

Nilipoingia kazini, mshahara ulikuwa unaisha kabla ya tarehe kumi. Kwa hiyo Oktoba 1997, katibu mkuu wetu, marehemu Ambrose Adongo, alipoita mgomo, hakuna aliyehitaji kushawishiwa. Uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba mwaka huohuo, na serikali ya Rais Moi haikutaka walimu wawe adui zake vijijini. Tukapewa ahadi ya nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, ilipwe kwa awamu katika miaka mitano. Nakumbuka furaha ya siku zile, watu wakikumbatiana kwenye korido. Awamu ya kwanza tukaiona. Mwaka uliofuata serikali ikasema hazina ni tupu, tukagoma tena, na mara hiyo tukarudi mikono mitupu. Salio likaja kudaiwa kwa miaka mingi iliyofuata.

Lakini mwaka huo wa 1998 kuna jambo jingine lililopita kimyakimya. Serikali ilisimamisha kuajiri walimu moja kwa moja wakitoka vyuoni. Kabla ya hapo, ukimaliza chuo cha ualimu ulijua utapangiwa shule. Baada ya hapo mwalimu mpya akawa anaajiriwa pale tu mwingine anapostaafu, anapoacha kazi au anapofariki. Sisi tulikuwa tunapigania asilimia. Mlango wa kuajiri ulipofungwa nyuma yetu, kelele zilikuwa chache mno. Nadhani ndilo pigo kubwa zaidi elimu ya umma ilipata katika kipindi changu, na halikuwa na maandamano.

Tulilihisi miaka mitano baadaye. Januari 2003, serikali mpya ya Rais Kibaki ikafuta karo ya shule za msingi. Siku ya kufungua, foleni ya wazazi ilitoka langoni ikapinda kona hadi kwa fundi wa baiskeli. Walikuja watoto wa Dandora, wa Korogocho, wa vichochoro nisivyovijua. Walikuja wavulana wenye ndevu wakitaka darasa la tatu. Ilikuwa siku njema, na sitamruhusu mtu aseme vinginevyo. Kila mtoto akatengewa shilingi 1,020 kwa mwaka, vitabu vikaja, chaki ikaja. Mwalimu hakuja. Mlango ulikuwa umefungwa tangu 1998.

Darasa langu likavuka watoto tisini. Kipindi kilikuwa dakika thelathini na tano. Piga hesabu mwenyewe: ukigawa muda huo sawasawa bila kuandika chochote ubaoni na bila kumkemea yeyote, kila mtoto anapata sekunde ishirini na kitu. Dawati la wawili lilikaa wanne. Wengine walikaa kwenye vizingiti vya madirisha, na jua likizunguka kivuli chao kinaangukia ubao. Nilijua majina ya safu za mbele. Safu za nyuma niliwajua kwa sweta. Kusahihisha insha tisini na zaidi kwa jioni moja hakuwezekani, basi nikawa naandikisha insha moja kwa wiki mbili, badala ya moja kila wiki, na hata hizo nilisahihisha kwa kutia vema penye vema na kuruka penye kosa, kwa sababu kosa linahitaji maelezo na maelezo yanahitaji muda. Mtoto alipomaliza darasa la nane hajui kuandika barua, watu walisema walimu wa siku hizi ni wavivu. Wapo wavivu, tutafika huko. Lakini yule aliyekaa dirishani nilimpa sekunde ishirini na kitu.

Tuliandika barua. Kila shule ya ukanda wetu ilimpa mwakilishi wake idadi ya watoto na walimu, tawi likajumlisha, makao makuu pale Mtaa wa Mfangano yakapokea. Watu hudhani chama ni kipaza sauti; mimi nilikijua kwanza kama karani. Takwimu za wizara zilitoa wastani wa nchi nzima, na wastani huficha mengi. Kuna shule ya bara yenye watoto kumi na wanane darasani na nyingine ya Eastlands yenye mia moja, na ukizichanganya unapata idadi nzuri ya kusoma kwenye hotuba.

Serikali ilipokuja na dawa, ilikuja na walimu wa kandarasi. Ulikuwa mpango wa kila eneobunge kupata walimu sitini wa msingi na wengine wa sekondari, na maeneobunge yalikuwa 210. Jumla ikafika kama 18,000. Walilipwa pesa kidogo, bila marupurupu, bila uhakika wa mwaka ujao. KNUT kikapinga, na magazeti yakaandika kwamba chama hakitaki watoto wapate walimu. Hata mimi mume wangu aliniuliza, nikamjibu kwa kumtajia kijana mmoja tuliyeletewa.

Kijana huyo alifundisha hesabu darasa la nne. Alikuwa na kipaji: aliwafundisha sehemu kwa kukunja magazeti ya kale. Lakini saa nane mchana alikuwa lazima aondoke mbio kwenda kufundisha watoto wa watu Buruburu nyumbani kwao, na Jumamosi alikuwa Gikomba akiuza suruali. Kazi yetu ilikuwa mojawapo ya kazi zake tatu, tena ndiyo iliyolipa kwa kuchelewa. Alikuwa anaandika maombi ya kazi nyuma ya daftari la kuandalia masomo. Mtu kama huyo hupangi naye mpango wa miaka mitatu wa kuinua hesabu shuleni. Unamwomba Mungu amalize muhula.

Ajabu ni kwamba wakati huohuo watafiti, wakiwemo Wakenya kama Germano Mwabu na marehemu Mwangi Kimenyi, walikuwa wakiupima mpango huo katika shule 192. Waligundua kwamba walimu wa kandarasi waliosimamiwa na shirika lisilo la serikali waliinua alama za watoto, na wale waliosimamiwa na serikali hawakuziinua. Waliandika kuhusu mishahara iliyochelewa, na kuhusu msukosuko wa chama pia. Nilipokuja kulisikia jambo hilo nilicheka kidogo. Sisi tuliokaa na kijana wetu chumba kimoja cha walimu tungeweza kuwaambia, lakini afadhali wamelihesabu, maana neno la mwalimu halina jedwali.

Septemba 2011 tukagoma. Kati ya migomo yote niliyoshiriki, huo ndio ninaojivunia, na ndio ambao watu wamekwisha kuusahau. Dai kubwa halikuwa mshahara. Lilikuwa serikali iajiri walimu 28,000, wakiwemo wale wa kandarasi, kwa masharti ya kudumu. Mzazi mmoja pale stejini, mama aliyeuza ndizi, alianza kunigombeza kama kawaida. Nilipomweleza kuhusu darasa la mtoto wake, akanyamaza, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo mkishinda mtapata nini nyinyi?" Nikamwambia watu wa kunisaidia. Akanipa ndizi mbili, akakataa pesa. Katika migomo ya mshahara hakuna mtu aliyewahi kunipa hata karanga.

Hatukupata yote. Tulipata wale wa kandarasi waingizwe kazini kwa kudumu, na hilo halikuwa dogo. Kijana wetu wa hesabu akaacha Gikomba. Akabaki mchana, akaanzisha kundi la watoto wanaochelewa kuelewa, na muhula uliofuata akawa ndiye anayenidai mimi niwasahihishie vitabu kwa wakati.

Sasa woga.

Kulikuwa na mwalimu mwenzetu, mama mpole, aliyeuliza kwenye mkutano wa walimu pesa za madawati ziko wapi. Wazazi walikuwa wamechanga. Madawati hayakuonekana. Aliuliza kwa adabu, mara moja tu. Baada ya majuma machache akapata barua ya uhamisho kwenda upande wa pili wa jiji, akiwa na mtoto mchanga. Kila mtu katika chumba cha walimu alielewa barua hiyo inazungumza na nani. Ilikuwa inazungumza na sisi tuliobaki.

Nilikwenda naye tawini. Katibu wa tawi wakati huo alikuwa mtu mfupi wa maneno machache, mwenye tabia ya kuandika kila kitu hata ukimsalimu. Hakupiga kelele wala hakutishia mgomo. Alituuliza: kumbukumbu za mkutano zipo? Nani aliziandika? Barua ya uhamisho imeletwa kwa njia gani, na sababu iliyotajwa ni ipi? Kisha akaja shuleni, akaomba kikao, akaketi na daftari lake na kuyauliza maswali hayohayo mbele ya mwenyekiti wa kamati ya shule. Swali la pesa za madawati hakuligusa hata kidogo. Halikuwa na haja ya kuguswa, kwa sababu kumbukumbu za mkutano ziliposomwa lilisomwa ndani yake, kwa sauti, mbele ya mwakilishi wa wazazi ambaye alikuwa hajawahi kulisikia.

Uhamisho ukafutwa. Kabla ya muhula kuisha, hesabu za michango zilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Madawati nusu yalikuja. Nusu nyingine sijui, na nisingependa kuchochea ya kale.

Kisa hicho kilinifundisha zaidi ya semina zote. Katibu yule alinifundisha kwamba ukipeleka barua ofisini, usiondoke bila nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kwamba mkutano usioandikwa haukufanyika. Kwamba usiende kwa mkubwa peke yako hata kama mnapatana. Nilianza kuwafundisha walimu vijana mambo haya kabla hata ya kuwafundisha wimbo wa chama. Na matunda yake yalionekana mahali nisipotarajia. Mwaka mmoja vyoo vya wasichana viliziba, ripoti za mdomo zikapita na upepo. Mwalimu mmoja kijana akaandika barua, akapeleka nakala tatu, zote zikagongwa muhuri. Vyoo vikazibuliwa kwa muda mfupi kuliko nilivyowahi kuona. Hakuna mgomo hapo, hakuna asilimia. Kuna mwalimu asiyeogopa kuhamishwa kwa sababu ya choo.

Lakini ngao hiyohiyo humfunika hata asiyestahili, na hapa ndipo nimegombana na chama changu mwenyewe.

Mlevi nilimtetea, nakiri bila aibu. Alikuwa mgonjwa, alipewa muda, mara ya pili hakupona, akaondoka kwa utaratibu. Kisa kilichotupasua kilikuwa cha mwalimu wa shule nyingine katika tawi letu, aliyeshukiwa na jambo baya dhidi ya mwanafunzi wa kike. Wenzangu kadhaa mkutanoni walitaka chama kisimame naye. Wengine walinong'ona kwamba familia ya msichana inaweza kuongeleshwa. Tayari TSC ilikuwa imetoa waraka nambari 3 wa mwaka 2010 kuhusu kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono. Waraka huo unamtaka mwalimu anayejua jambo kama hilo aripoti, na anayeficha naye ana kesi. Nilisimama nikausoma. Mzee mmoja ninayemheshimu akaniambia, "Binti yangu, chama hakihukumu." Nikamjibu, "Mzee, hata kuficha hakifichi." Haki ya mwalimu kusikilizwa naijua, nimeipigania. Haiwezi kuwa haki ya kumnyamazisha mtoto. Mkutano ulivunjika kwa kelele. Tawi lilimpa mshtakiwa mtu wa kukaa naye kwenye kikao cha nidhamu, hakuna zaidi. Wapo ambao hawajanisalimu vizuri hadi leo.

Nimeona chama kikipoteza heshima ya wazazi kwa visa kama hivyo zaidi ya kinavyopoteza kwa migomo. Mzazi husamehe wiki tatu za kufungwa shule. Hasamehi kuambiwa mwanawe amesema uongo.

Migomo yenyewe, hata hivyo, ina gharama ambayo hatupendi kuitaja tukiwa na vuvuzela mkononi. Mwaka 2015 mahakama ilikuwa imetuamulia nyongeza ya asilimia 50 hadi 60. Serikali ikasema haiwezi kulipa. Septemba tukakaa nyumbani majuma matano. Shule za umma zilifungwa wakati watahiniwa wa KCPE, mtihani wa mwisho wa darasa la nane, wanahesabu siku, na jirani zao wa shule za binafsi waliendelea kusoma hadi serikali ilipoamuru na hizo zifungwe, watahiniwa peke yao wabaki. Waliogoma hawakulipwa mshahara wa Septemba. Novemba, Mahakama ya Rufaa ikaifuta nyongeza yote.

Katika majuma hayo nilimpoteza msichana mmoja wa darasa la sita, mwenye akili ya kukata. Mama yake alimtoa akampeleka akademi ya mabati kule Kayole, ada ya kulipa kila Jumatatu. "Si kwamba sikupendi, mwalimu," akaniambia, "ni kwamba hapo mlango hufunguliwa." Walimu wa akademi hiyo walikuwa wakilipwa chini ya robo ya mshahara wangu, wengi hawana chama chochote, na akikosana na mwenye shule leo kesho hayupo. Hapo ndipo mtoto wangu bora alipokwenda kutafuta usalama.

Na kuna hili, ambalo tukilisema sana katika chumba cha walimu watu hutazama dirishani. Wengi wetu tunaofundisha shule za umma tunawapeleka watoto wetu shule za binafsi. Mgomo ulipoanza, wa kwetu walivaa sare asubuhi wakaenda kusoma. Sisi tulikuwa tukipigania elimu ya umma tukiwa tumeshawaondoa wetu humo. Sina jibu la kumpa mzazi anayeniuliza kuhusu hilo. Wangu wa kwanza alisoma shule ya kanjo, wa pili nilimtoa ile 2003, darasa lake lilipovuka themanini.

Oktoba 2016 ukaja mkataba wa shilingi bilioni 54, uliosainiwa mezani. Wapo wanaosema hiyo yaonyesha migomo haikuwa na haja. Mimi nadhani walioketi mezani mwaka 2016 walikuwa bado wanakumbuka barabara za 2015. Ila mkataba huo ulikuja na uzito wake: tathmini ya utendakazi iliyoitwa TPAD, iliyotuweka kwenye foleni za saiba jioni, tukilipia intaneti kwa pesa zetu ili kupakia ushahidi kwamba tumefundisha. Nilijua mwalimu aliyeacha kusahihisha vitabu ili apate muda wa kujaza fomu kwamba amesahihisha vitabu. Chama kililalamika, fomu zikapunguzwa kidogo.

Kisha ikaja 2019. Kesi kati ya KNUT na TSC kuhusu upandishaji vyeo iliishia walimu wanachama wa KNUT wakikosa nyongeza waliyopata wengine. Chama kilichokuwa na wanachama zaidi ya 180,000 kikashuka chini ya 30,000 kabla ya mwaka 2020 kwisha. Walimu wenzangu walijaza fomu za kujitoa mezani kwangu, wengine wakiniomba msamaha, mmoja akiniomba kalamu. Nilibaki kwa ukaidi tu, na kwa kuwa nilikuwa nimebakisha miaka michache. Katibu mkuu Wilson Sossion akajiuzulu 2021, Collins Oyuu akachukua usukani, na wanachama wakaanza kurudi.

Katika kipindi hicho cha udhaifu ndipo mtaala wa umilisi, CBC, ulipokuwa ukipanda darasa kwa darasa. Sossion alikuwa ameupinga kwa nguvu, na kwa maoni yangu aliupinga kwa namna mbaya, kama kwamba kila kilichomo ni takataka. Lakini swali lililokuwa ndani ya kelele lilikuwa la haki: mwalimu mwenye watoto themanini atampima kila mmoja vipi, tena kwa umilisi wake? Chama kilipodhoofika, swali likabaki bila mwenyewe. Wazazi wakabaki kununua manila na gundi usiku.

Januari 2023 gredi ya saba, mwanzo wa sekondari ya chini, ilianzia kwenye shule zetu za msingi, kwa madarasa yaleyale. Walimu waliokuja kuifundisha wengi walikuwa wanagenzi wa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Hapa Nairobi, ukilipa nyumba Umoja na nauli, umebaki na salamu. Nilikuwa nimeshakiona kitu hiki. Kijana wa hesabu alikuwa amerudi na sura nyingine. Nao wakagoma 2024, na mwezi wa Aprili mahakama ikaamua kwamba kumweka mwalimu aliyehitimu na kusajiliwa kuwa mwanagenzi si ajira ya haki. Walimu 46,000 wakaahidiwa ajira ya kudumu kuanzia Januari 2025. KNUT na KUPPET, chama cha walimu wa sekondari, wakatumia nusu ya muda huo kugombania nani awasajili, jambo lililonichosha kuliko kazi ya darasani.

Mmoja wao, msichana wa sayansi, aliniuliza ajiunge na kipi. Nilimwambia ajiunge na kile ambacho mwakilishi wake atamjibu simu. Alidhani natania.

Nimestaafu sasa, lakini tawi huniita kama mjumbe mzee. Shule yangu imeanza kufurika tena. Chakula cha Dishi na County, mpango wa kaunti ya Nairobi wa kuwalisha watoto shuleni, mtoto akilipa shilingi tano kwa sahani, kimewavuta watoto waliokuwa wakishinda mitaani, na ni jambo jema kama lilivyokuwa jema lile la 2003, na walimu ni walewale. Mkutano wa mwisho niliohudhuria ulizungumzia mishahara kwa muda mrefu, kisha bima, kisha vyeo. Nilipopata nafasi nikatoa hoja kwamba kila mwakilishi wa shule alete, kila muhula, idadi ya watoto kwa kila darasa na idadi ya walimu waliopo kazini, na tawi liibandike hadharani wazazi waione. Kijana mmoja akauliza kama hilo ni jambo la chama au la wizara. Mwenyekiti alikuwa anatazama saa. Hoja ikaungwa mkono na mwalimu wa sayansi, yule niliyemshauri kuhusu simu. Imewekwa kwenye ajenda ya mkutano ujao, nambari saba, kabla tu ya mengineyo.